Kushusha, Kupandisha na Kukaza: Istilahi za Vitendo katika Kazi ya Kurudisha Injini ya Gari

Utangulizi

Orodha za istilahi zinazotayarishwa kwa ajili ya wafasiri, walimu na watumishi wa serikali ni, kwa sehemu kubwa, orodha za majina. Anayetaka kujua kifaa fulani kiitweje hupata jibu. Anayetaka kujua atumie kitenzi kipi ili msomaji akifanyie kifaa hicho jambo linalotakiwa, mara nyingi hapati jibu lolote. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa Sheria Namba 27 ya mwaka 1967, lugha yetu imejipatia majina mengi ya vitu vya ufundi. Vitenzi vimeachwa vijitafutie mahali pake, kwa dhana kwamba kila ajuaye Kiswahili anajua maana ya kufunga, kukaza, kushusha na kulinganisha.

Dhana hiyo yatosha nyumbani na sokoni. Katika kazi ya ufundi haitoshi. Jina likikosewa, fundi huuliza, au hukitazama kifaa na kukitambua. Kitenzi kikikosewa, fundi hutenda. Na akishatenda, chuma hupasuka au mkono huumia kabla ya swali kuulizwa.

Katika makala haya tunakusudia kulionyesha jambo hilo kwa kuchukua kazi moja tu ya gereji, nayo ni kurudisha injini ndani ya gari ambalo giaboksi yake haikutolewa. Tumeichagua kazi hii kwa sababu ni fupi, hatua zake zinafuatana kwa mpango ulio wazi, na karibu kila hatua inategemea kitenzi kimoja. Kwanza tutaieleza kazi yenyewe, kwa kuwa hatuoni jinsi mtu awezavyo kufasiri maelezo ya kazi asiyoielewa. Baada ya hapo tutavichunguza vitenzi vyake kimoja kimoja, tutagusia majina kwa ufupi, na mwisho tutatoa mapendekezo.

1. Kazi yenyewe

Mfano wetu ni Volkswagen ya zamani, ile yenye mgongo wa mviringo, ambayo injini yake iko nyuma na hupozwa kwa hewa. Gari la aina hii lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki ya mwaka 1962, na lilijulikana sana katika barabara zetu. La mwisho liliundwa Puebla, nchini Meksiko, tarehe 30 Julai 2003, baada ya kuundwa zaidi ya milioni 21. Tunalitumia gari hili kwa sababu limebuniwa hivi kwamba injini hutoka peke yake, na giaboksi hubaki garini. Katika magari mengi ya siku hizi, ambayo injini na giaboksi zimelala pamoja kwa kukingama upande wa mbele, mara nyingi viwili hivyo hutolewa kwa pamoja.

Injini ya Volkswagen hushikwa na giaboksi mahali panne tu: juu kuna bolti mbili, na chini kuna bolti mbili zisizo na kichwa, ambazo mafundi huziita stadi, zilizopandwa katika kasha la injini. Bolti ya juu ya upande wa kulia hushika pia stata. Uzito wa injini ni kilo 100 hivi, ukipungua au kuzidi kidogo kufuatana na ukubwa wake.

Kati ya injini na giaboksi kuna klachi. Sahani ya klachi hukaa baina ya gurudumu tegemeo, ambalo mafundi walio wengi huliita flaiwili, na sahani ya kubana. Kutoka giaboksi hutokeza shafti yenye meno, ambayo hupita katika tundu la katikati la sahani ya klachi, na ncha yake hukaa ndani ya beringi ndogo ya vijiti iliyomo katikati ya gurudumu tegemeo. Hapo ndipo penye ugumu wa kazi yote. Sahani ya kubana ikishakazwa, sahani ya klachi haiwezi kusogea tena. Ikiwa tundu lake halikabili kwa usawa ile beringi ndogo, shafti haitapita hata injini ikisukumwa na watu wanne. Kwa sababu hiyo, kabla ya kuikaza sahani ya kubana, fundi hupitisha kipande cha shafti kuukuu, au kijiti kilichochongwa kwa kipimo chake, ili kuiweka sahani ya klachi katikati.

Baada ya hapo meno ya shafti husafishwa na kupakwa mafuta kidogo yanayostahili. Mafuta yakizidi hurukia sahani ya klachi, na klachi huteleza. Beringi ya kuachia hukaguliwa. Sehemu ya nyuma ya gari huinuliwa kiasi cha sentimita 90 hivi na kuwekwa juu ya vigingi imara vya chuma, wala haiachwi ikaliwe na jeki peke yake. Injini huletwa chini ya gari ikiwa juu ya jeki ya magurudumu, nayo huinuliwa polepole hadi shafti itazame tundu la sahani ya klachi. Giaboksi hutiwa gia ili shafti isizunguke ovyo, na msaidizi huizungusha injini kidogo kidogo kwa puli ya mkanda hadi meno yaingie katika mifereji yake. Stadi za chini hupenya katika matundu yake. Waya wa eksileta hupitishwa katika mrija wake uliomo ndani ya kasha la feni. Ndipo injini husukumwa mbele mpaka uso wake na uso wa giaboksi zigusane pande zote bila mwanya.

Nyuso zikishagusana, bolti na nati hukazwa kwa zamu, kidogo huku na kidogo kule, mpaka kufikia nyutoni-mita 30 hivi. Baada ya hapo waya na mirija hurudishwa, na pedali ya klachi hurekebishwa iwe na mchezo wa milimita 10 hadi 20.

Mwanya ukibaki, japo wa unene wa kidole, maana yake ni kwamba injini haijaingia. Ama sahani ya klachi haiko katikati, ama meno hayajapata mifereji yake, ama injini imeinama. Dawa ya kila hali ni kurudi nyuma na kuanza tena. Atakayeuondoa mwanya huo kwa kukaza bolti ataipinda sahani ya klachi au atalipasua sikio la kasha. Kasha la injini hii lilisubiwa kwa aloi ya magnesi, ambayo ni nyepesi, lakini haistahimili kulazimishwa.

2. Kushusha na kupandisha

Kitenzi cha kwanza kinachostahili kuchunguzwa ni shusha. Katika lugha ya gereji, kushusha injini ni kuitoa garini. Husemwa kwamba gari fulani limeshushwa injini, na kila asikiaye huelewa kwamba injini iko nje inafanyiwa matengenezo. Kinyume chake ni kupandisha injini, yaani kuirudisha. Katika Volkswagen msemo huu unaafikiana na jambo lenyewe, kwa kuwa injini hutolewa kwa kuteremshwa chini ya gari na kurudishwa kwa kuinuliwa.

Sasa tutazame gari ambalo injini yake iko mbele, na giaboksi imebaki mahali pake chini ya sakafu. Hapa injini hutolewa kwa kuinuliwa kwa winchi, na hurudishwa kwa kuteremshwa. Hata hivyo fundi husema vilevile kwamba "anaishusha" anapoitoa. Matokeo yake ni kwamba katika gari hili neno moja limebeba maana mbili zinazopingana: kwa msemo wa kazi, shusha injini ni itoe; kwa maana ya kawaida ya Kiswahili, shusha injini inayoning'inia kwenye mnyororo ni iteremshe, na kwa hiyo ni irudishe.

Wazee wa kazi hawatatanishwi na jambo hili, kwani wanaiona injini ilipo. Mwanafunzi aliyepewa maandishi peke yake hana msaada huo. Tena hatari iko katika dakika ile ile ambayo injini imening'inia, mkono wa mtu mmoja uko baina ya chuma na chuma, na mwingine ameshika mnyororo akingoja neno.

Hatuoni sababu ya kuuharamisha msemo wa mafundi, ambao ni Kiswahili safi na wenye nguvu. Tunapendekeza tu kwamba katika maandishi kazi nzima iitwe kutoa injini na kurudisha injini, na vitenzi shusha na pandisha vibakizwe kwa mwelekeo tu, yaani kwenda chini na kwenda juu. Mfasiri akikutana na neno la Kiingereza lenye maana ya kukiweka tena kifaa mahali pake, asikimbilie kusakinisha, ambalo siku hizi limezoeleka katika habari za kompyuta. Rudisha linatosha, na linaeleweka na kila mtu.

3. Kulinganisha na kulenganisha

Kitenzi cha pili ni linganisha. Tuchukue sentensi hii ya kubuni: "Linganisha shafti ya giaboksi na tundu la sahani ya klachi." Aliyeiandika alikusudia kwamba vitu viwili hivyo viwekwe katika mstari mmoja. Lakini maana inayomjia mwanafunzi kwanza ni kuvipambanisha vitu viwili ili kuona kama vinafanana. Atachukua shafti, atachukua sahani, atahesabu meno na kupima upana. Wala hatakuwa amefanya upuuzi. Sahani za klachi za Volkswagen zilikuwapo za milimita 180 na za milimita 200, na fundi mwangalifu kweli huhakikisha kwamba aliyonayo ndiyo inayotakiwa. Ugumu uko hapo: maana zote mbili zina kazi katika hatua ile ile, na sentensi haisemi ni ipi iliyokusudiwa.

Sarufi ya lugha yetu inatupa njia. Kutokana na ungana tumepata unganisha. Kutokana na patana, patanisha. Kutokana na kutana, kutanisha. Kadhalika kutokana na lenga hupatikana lengana, yaani kila kimoja kumwelekea mwenzake, na kutokana na lengana hupatikana lenganisha, yaani kuvifanya vitu viwili vilengane. Hicho ndicho afanyacho fundi anapoinua injini mpaka shafti na tundu zitazamane.

Msomaji anaweza kupinga kwamba lenganisha na linganisha yanatofautiana kwa irabu moja tu, na kwamba chapa mbaya au sikio zito laweza kuyachanganya. Pingamizi hili lina uzito. Jibu letu ni kwamba hakuna kitenzi kiwezacho kulindwa na umbo lake peke yake. Kinachokilinda ni kikomo chake. Tukiandika, "Lenganisha shafti na tundu la sahani ya klachi hadi shafti ielekee katikati ya tundu," hata aliyesoma linganisha atasahihishwa na maneno yanayofuata. Neno hadi, au mpaka, linamwambia mtendaji aache lini, na kwa kumwambia aache lini linamwambia pia alikuwa anafanya nini.

Kanuni hii ya kikomo tunaiona kuwa muhimu kuliko kitenzi chochote tutakachopendekeza hapa, nasi tutairudia.

4. Kushikiza, kufunga na kukaza

Sasa tunafikia mahali ambapo lugha ya ovyo inaweza kuvunja giaboksi. Bolti moja hupitia hali tatu. Katika hali ya kwanza imeingizwa katika nyuzi zake kwa vidole, imeshika, lakini bado inacheza. Katika hali ya pili imezungushwa mpaka kichwa chake kikagusa chuma. Katika hali ya tatu imetiwa nguvu iliyopimwa. Maandishi mengi huzijumlisha hali zote tatu katika neno funga, nalo neno hilo lina kazi nyingine chungu nzima: tunafunga mlango, tunafunga mzigo, tunafunga safari, tunafunga Ramadhani.

Tuchukue tena sentensi ya kubuni: "Funga bolti zote nne, kisha hakikisha injini imekaa." Mwanafunzi mtiifu atachukua spana namba 17 na kuzikaza bolti mpaka mwisho. Ikiwa mwanya ulikuwapo, bolti zimeuondoa kwa nguvu, na hasara imekwisha kutokea kabla hajafika penye neno kisha. Sentensi haina kosa la sarufi, na kila neno lake limo katika kamusi. Ila imekosa kutofautisha hali tatu, na imeweka uhakiki nyuma ya tendo uliotakiwa kulitangulia.

Kwa hali ya kwanza tunapendekeza shikiza. Mshonaji hushikiza vipande viwili vya nguo kwa nyuzi za mbalimbali kabla ya kushona kweli, na anajua kwamba mshono huo ni wa muda tu. Bolti iliyoshikizwa iko katika hali hiyo hiyo. Kwa hali ya pili tunapendekeza funga, na maana yake iwe kuzungusha mpaka kugusa, bila kutia nguvu. Kwa hali ya tatu tunapendekeza kaza, na kila penye kaza pawe na kipimo, au angalau maelezo ya nguvu inayotakiwa. Hivyo sentensi yetu itakuwa hivi:

"Sukuma injini kwa mikono hadi uso wake na uso wa giaboksi zigusane pande zote. Shikiza bolti mbili za juu na nati mbili za chini. Tazama tena kama kuna mwanya. Ukiwapo, usikaze, bali rudisha injini nyuma. Usipokuwapo, funga zote nne, kisha kaza kwa zamu hadi nyutoni-mita 30."

Maelezo haya ni marefu kuliko yale ya kwanza. Wafasiri wengi hufundishwa kwamba ufupi ni sifa, na katika barua za ofisini ni sifa kweli. Katika maelezo ya kazi, urefu unaomzuia mtu asivunje giaboksi si urefu wa bure.

5. Kukalia, kuegemea na kuning'inia

Kila kitabu cha kazi hii hutoa onyo kwamba uzito wa injini usibebwe na shafti ya giaboksi. Shafti imeundwa kwa ajili ya kuzunguka, si kwa ajili ya kubeba kilo 100. Ikibebeshwa uzito huo hupinda, au huiharibu sahani ya klachi, na madhara yake huonekana baadaye gari linapotetemeka kila klachi inapoachiwa.

Onyo hili likifasiriwa kwa neno beba peke yake, msomaji huwaza juu ya mzigo wote. Huona jeki iko chini ya injini, na hujiambia kwamba mzigo umebebwa na jeki. Kumbe jeki ikishuka kidogo tu, injini huegemea shafti bila mtu kuona. Kiswahili kina vitenzi vinavyotofautisha mambo haya vizuri: kitu hukalia kilicho chini yake, huegemea kilicho ubavuni mwake, na huning'inia kwenye kilicho juu yake. Kwa hiyo tungeandika: "Injini ikalie jeki wakati wote, isiegemee shafti wala isining'inie kwenye stadi mpaka bolti zote nne zimekazwa." Hapa wakati ndio kikomo, nao umetajwa.

Kwa gari lenye injini mbele kuna neno la kuongeza. Injini ikishatolewa, giaboksi iliyobaki hukosa mhimili wake wa mbele na huinamisha pua. Isipotegemezwa kwa jeki au kipande cha gogo, shafti yake itatazama chini, na injini haitaingia hata vitenzi vyote vikiwa sahihi. Mfasiri asiyelijua jambo hili aweza kuliruka onyo la kutegemeza giaboksi akidhani ni nyongeza tu.

6. Mbele, nyuma, kulia na kushoto

Maneno ya mahali nayo ni istilahi. Katika magari mengi gurudumu tegemeo liko nyuma ya injini, kwa kuwa giaboksi iko nyuma yake. Katika Volkswagen giaboksi iko mbele ya injini, na vitabu vya gari hilo huita mbele kule linakoelekea gari. Kwa hiyo gurudumu tegemeo liko mbele ya injini, na silinda namba 1 ni ya mbele kulia. Fundi aliyezoea magari mengine akisoma "mbele ya injini" huenda moja kwa moja kwenye puli ya mkanda, ambayo katika gari hili iko nyuma.

Kulia na kushoto vilevile hutegemea mahali alipo mtu. Anayeshughulikia Volkswagen husimama nyuma akitazama mbele, na mkono wake wa kulia uko upande wa kulia wa gari. Anayeshughulikia injini ya mbele huinamia boneti akitazama nyuma, na mkono wake wa kulia uko upande wa kushoto wa gari. Tunapendekeza kwamba kila tafsiri ya maelezo ya gari ianze kwa sentensi moja: "Katika maelezo haya, mbele ni kule gari linakoelekea, kulia na kushoto ni kwa dereva aliyekaa kitini pake." Sentensi hiyo moja huondoa makosa mengi.

7. Majina machache

Kuhusu majina hatutasema mengi, kwani mafundi wamekwisha kufanya kazi kubwa. Injini, klachi, giaboksi, difu, stata, jeki, spana, nati na bolti ni maneno yaliyokwisha kupata uraia, na hatuoni faida ya kuyafukuza. Tutaje tahadhari mbili tu.

Ya kwanza inahusu neno la Kiingereza linalotumika kwa mfumo wa gia na pia kwa kurusha matangazo ya redio. Mfasiri asiyejua magari huandika upitishaji, au upelekaji, au hata urushaji, na fundi hubaki akijiuliza ni kitu gani kinachorushwa. Penye gari, neno hilo ni giaboksi. Lakini ni lazima aangalie gari gani, maana katika Volkswagen giaboksi na difu vimo katika kasha moja. Maelezo yanayohusu vyote viwili yaseme giaboksi yenye difu.

Ya pili inahusu majina ambayo fundi ameyachukua katika Kiingereza kama yalivyo, kama vile flaiwili na rilizi. Hatudai kwamba yana makosa. Tunasema tu kwamba kitabu cha kufundishia kikitumia gurudumu tegemeo na beringi ya kuachia, kitaje pia jina la gereji mara ya kwanza. Mwanafunzi atakapokwenda dukani kununua kifaa, muuzaji hatamwuliza jina la kitabuni.

8. Mapendekezo

Kwa muhtasari, tunapendekeza matumizi yafuatayo katika maandishi ya ufundi wa magari:

Kutoa injini: kazi nzima ya kuiondoa injini garini.
Kurudisha injini: kazi nzima ya kuiweka tena mahali pake.
Kushusha: kupeleka chini. Kupandisha: kupeleka juu. Katika maandishi, maneno haya yasitumike kwa maana ya kutoa na kurudisha.
Kulinganisha: kutazama kama vitu viwili ni sawa au vinatofautiana.
Kulenganisha: kuviweka vitu viwili ili kimoja kielekee kingine katika mstari mmoja.
Kugusana: nyuso mbili kukutana bila mwanya.
Kushikiza: kuingiza bolti au nati katika nyuzi zake kwa vidole.
Kufunga: kuizungusha mpaka iguse, bila kutia nguvu.
Kukaza: kuitia nguvu iliyopimwa.
Kukalia: kubebwa na kilicho chini. Kuegemea: kutupa uzito ubavuni. Kuning'inia: kushikwa na kilicho juu.
Mchezo: nafasi ambayo kifaa husogea kabla hakijaanza kufanya kazi, kama katika pedali ya klachi.

Pamoja na orodha hii tunapendekeza kanuni tatu. Kwanza, kila kitenzi cha amri kifuatwe na kikomo chake, kwa neno hadi au mpaka, au kwa kipimo. Pili, sharti litangulie tendo: yanayopaswa kuhakikishwa yaandikwe kabla ya amri inayoyategemea, wala si baada yake. Tatu, kitenzi kimoja kibebe maana moja tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, hata kama mwandishi anaona kwamba kurudiarudia neno kunaharibu uzuri wa lugha. Hadithi hupambwa kwa visawe; maelezo ya kazi huharibiwa navyo.

Hatimaye, ni juu ya mfasiri kuipima kazi yake kabla ya kuitoa. Njia iliyo nyepesi ni kumpa fundi ambaye hakuiona nakala ya Kiingereza, asome hatua moja moja, na kabla ya kushika spana aseme kwa maneno yake mwenyewe atafanya nini na ataacha lini. Anapositasita, kitenzi ndicho chenye kasoro, si fundi. Walimu wa ufundi wanaweza kulifanya jambo hilo hilo darasani. Watumishi wa ofisi zenye magari nao wanaweza kulifanya kwa maagizo wanayoyaandikia karakana zao. Watakaopata vitenzi bora kuliko hivi tulivyovitaja watakuwa wameisaidia kazi hii, maana lengo si kuyatetea maneno haya. Lengo ni kwamba aliye chini ya gari, na kilo 100 za chuma ziko juu ya jeki mbele ya uso wake, asibaki akikisia mwandishi alitaka kusema nini.